Anza na stuli unayokalia: jibu kwa mama wa Mwanjelwa

Swali

Shikamoo dada. Nina miaka 48, nauza vitenge na mashuka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Urefu wangu ni sentimita 158 na uzito kilo 89; nilipoolewa nilikuwa na 58. Nakaa kwenye stuli dukani toka saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, na nyumbani Ilomba naenda kwa bajaji. Mwaka huu nimejaribu kila kitu. Niliacha ugali na wali wiki mbili, nikapungua kilo 4. Nilipoanza kula zikarudi zote na moja juu. Nikanunua majani ya kuyeyusha kitambi, nikaishia kuharisha. Mwezi wa sita nikajiunga na wenzangu wa jogging ya Jumamosi, tukaenda mpaka Uyole, kesho yake goti la kulia likavimba. Tangu hapo likizidi nameza diklofenaki. Duka la dawa walinipima presha wakakuta 148 kwa 94. Hedhi nayo inaruka miezi. Majirani wanasema ni umri, mwili wa mtu mzima haurudi. Mume wangu ndiye hataki kabisa nipungue, anasema watu watadhani naumwa. Je, kweli ni umri? Na kama inawezekana, nianze na nini ili Krismasi niende kwetu Tukuyu nikiwa mwepesi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha mazoezi tiba hapa nyanda za juu kusini, na barua kama yako nimeipokea kwa mdomo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kutoka kwa walimu, wakulima wa viazi, makarani, mama lishe. Nitakujibu kwa urefu. Ila kabla sijagusa kitambi, tumalize kwanza mambo mawili uliyoyataja kwa kupita: presha na vile vidonge vya goti.

Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikabaki hivyo kwenye vipimo vya siku tofauti, huo ni ugonjwa wa kutibiwa. Kipimo chako kimoja cha dukani hakitoshi kukuhukumu, lakini hakifai kupuuzwa pia. Nenda kituo cha afya siku mbili au tatu tofauti. Ukifika kaa kimya dakika 5, egemeza mgongo, nyayo chini, mkono juu ya meza, ndipo wakupime. Siku mojawapo nenda asubuhi hujala kitu wakuangalie na sukari. Wakati huohuo mwambie daktari kwamba umekuwa ukimeza diklofenaki. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha, huchubua tumbo, na zikitumika muda mrefu huumiza figo. Huenda sehemu ya ile 148 inatoka kwenye vidonge hivyo. Viweke pembeni mpaka umwone. Na kama goti bado limevimba, lina moto, au linakwama unapolikunja, lichunguzwe kabla hujaanza mazoezi ninayokuandikia hapa chini. Ukitembea ukasikia kifua kinabana, pumzi inakatika kuliko kawaida au kizunguzungu, simama, na siku hiyohiyo nenda hospitali.

Sasa umri. Majirani zako wamesema nusu ya kweli. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga mpaka wazee wa miaka 95. Ilionekana kwamba ukishahesabu ukubwa wa mwili wa mtu na kiasi cha misuli aliyonayo, mwili hutumia nguvu kwa kiwango kilekile toka miaka 20 hadi 60. Kushuka kwenyewe huanza baada ya 60. Kwa hiyo mwili wako wa miaka 48 haujazimika. Lakini rudia hayo maneno, "kiasi cha misuli aliyonayo", maana shida yako iko hapo.

Mtu asiyeitumia misuli yake huanza kuipoteza akiwa kwenye miaka ya thelathini, kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi. Haiumi, haionekani, kwa sababu mafuta huchukua nafasi ileile na gauni linaendelea kujaa. Wakati una kilo 58 kule Tukuyu ulipanda na kushuka vilima vya Rungwe kila siku, na mara nyingi kichwani pana ndoo, kuni au mkungu wa ndizi. Miguu yako ilibeba mwili na mzigo, mlimani. Leo inabeba mwili kutoka mlangoni hadi kwenye bajaji, na kutoka kwenye bajaji hadi kwenye stuli. Kilichoondoka ni mzigo. Umri ulikuwepo tu wakati unaondoka.

La umri lipo, na sitakuficha. Hedhi inapoanza kuruka, estrojeni, yaani homoni ya kike, inapungua, na mafuta yaliyokuwa yanakaa kwenye nyonga na mapaja huanza kukaa tumboni, mengine ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo. Hayo ya ndani ndiyo yanayochokoza presha na sukari. Usingizi nao huharibika, na mtu aliyelala vibaya huamka na njaa ya vitu vitamu. Jambo jema ni kwamba mafuta hayo ya ndani huwa miongoni mwa yanayotangulia kupungua mtu anapobadilisha maisha, hata kabla mizani haijasema kitu cha maana.

Sasa angalia zile wiki mbili bila ugali. Wanga unaokula huhifadhiwa kwenye ini na misuli kwa umbo linaloitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushika maji kama gramu 3. Ukiacha ugali na wali ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Sehemu kubwa ya zile kilo 4 ilikuwa maji, ndiyo maana zilirudi haraka hivyo. Kibaya zaidi, ulishinda njaa bila kula protini ya kutosha na bila mazoezi ya nguvu, na mwili wenye njaa hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli. Uzito ukirudi, unarudi zaidi kama mafuta. Wewe ni mfanyabiashara, utanielewa: kila ukirudia biashara hiyo unatoa misuli na kupokea mafuta, na unatoka na hasara hata kama mizani inasoma namba ileile.

Majani ya kuyeyusha kitambi sitayaongelea sana. Mengi ya namna hiyo yana mmea wa kuharisha uitwao senna. Ukiharisha unapoteza maji na chumvi, mafuta hayaguswi. Nyingine zinazouzwa kama za asili zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo. Wewe una presha inayotiliwa shaka. Usizirudie.

Na ile safari ya Uyole? Wenzako wana nia njema na napenda kuwaona barabarani Jumamosi asubuhi wakiimba. Lakini wewe ulitoka kwenye stuli moja kwa moja ukaenda kukimbia lami. Kila kilo ya mwili hulikandamiza goti kwa takriban kilo 4 katika kila hatua, hata ya kutembea. Kukimbia huzidisha, na kuteremka huzidisha zaidi. Goti linalindwa na misuli ya paja. Paja lako halijafanya kazi hiyo kwa miaka. Habari njema iliyofichwa ndani ya hesabu hiyo ni kwamba ukipungua kilo 5, goti linapunguziwa kilo 20 kila hatua.

Kuna jambo jingine kuhusu mazoezi ambalo wengi hawaambiwi, halafu wanakata tamaa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wahadzabe, ndugu zetu wawindaji wa kule Ziwa Eyasi, wanaotembea kutwa nzima. Ukilinganisha watu wa ukubwa uleule wa mwili, nguvu waliyotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini. Mwili ukizoea kazi hubana matumizi kwingine. Kwa hiyo usitegemee kutembea peke yake kuondoa kilo 20. Saa nzima ya kutembea haraka kwa uzito wako huchoma kama kalori 300, na soda moja na andazi moja kubwa huzirudisha karibu zote. Kupungua kunatoka zaidi kwenye sahani. Mazoezi yana kazi zake: yanashusha presha na sukari, yanaleta usingizi, yanazuia uzito uliopungua usirudi, na yale ya nguvu yanahakikisha kwamba unachopoteza ni mafuta. Ndiyo maana nikiulizwa na mtu wa rika lako aanze na nini, namwambia aanze na misuli.

Stuli unayokalia inakutosha. Kaa ukingoni, miguu ipanuke sawa na mabega, mikono ifunge kifuani. Inuka mpaka usimame wima, kisha rudi kukaa polepole, ukihesabu moja hadi nne, bila kujidondosha. Ile safari ya kushuka ndiyo inayojenga paja. Fanya mara 8, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka raundi 3. Goti likilalamika, kunja mashuka mawili matatu uyaweke juu ya stuli ili usishuke chini sana. Wiki zikisonga ondoa shuka moja moja. Maumivu madogo unayoweza kuyavumilia, ambayo kesho yake yameisha, ni ya kawaida. Yakikuamsha usiku au goti likivimba, umezidisha, punguza. Siku utakapofanya mara 12 kwa raundi zote bila kuhema, kumbatia dumu la lita 5 lenye maji ukiendelea. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanafanya zoezi lilelile jepesi mwaka mzima. Misuli hukua ikipewa kazi inayoizidi kidogo. Zile mara mbili za mwisho za kila raundi lazima ziwe ngumu.

Ongeza na haya. Sukuma ukuta: simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, jisukume urudi, ukizoea, fanyia kwenye meza imara badala ya ukuta. Vuta dumu: mkono mmoja umeegemea meza, mgongo umenyooka, mwingine unavuta dumu la lita 5 kuelekea mbavuni. Inuka kwa ncha za vidole vya miguu ukishika mlango. Mwisho beba, dumu kila mkono, tembea dakika moja ukiwa umenyooka. Yote hayo hayafiki nusu saa. Mara mbili kwa wiki, ikiwezekana tatu, siku zisifuatane. Fungua duka mapema kidogo, shusha kitenge kimoja mlangoni, fanya, kisha panga mzigo.

Nilikuwa na mama mmoja, mwalimu wa miaka 53, aliyekuja kwangu kwa sababu alikuwa hawezi tena kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta. Tulianza na kiti kirefu. Baada ya miezi mitatu mizani ilionyesha kapungua kilo 3 tu na akanilaumu. Nikampima kiuno: sentimita 8 hazipo. Na wakati tunaongea alikuwa amekaa kwenye kigoda na mjukuu mgongoni, akainuka bila kuweka mkono popote, wala hakugundua amefanya nini. Yule hakuwa na kipaji chochote. Alikuwa hakosi Jumanne na Ijumaa.

Kutembea ni rahisi zaidi kueleza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wewe anza na dakika 15: asubuhi shuka kwenye bajaji kabla hujafika, malizia kwa miguu. Kila wiki ongeza dakika tano mpaka siku moja utajikuta umetoka Ilomba hadi dukani bila kupanda kitu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hakuna njia isiyo na kilima, na kilima ni zawadi ukijua kukitumia: kupanda hujenga paja na kalio, na moyo hufanya kazi nzuri kwa mwendo mdogo. Kuteremka ndiko kunakoumiza goti bovu. Kwa hiyo miezi hii ya mwanzo, panda kwa miguu, teremka kwa bajaji. Vaa raba, zile ndala ziache dukani. Na ukishakula chakula cha mchana, usirudi kukaa papo hapo. Zunguka soko dakika 10, sukari ya damu haitapanda sana.

Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, au asubuhi zile za mwezi wa saba ambapo mtu hataki kutoa mkono nje ya blanketi, fanya ya ndani. Usingoje hali ya hewa.

Tufike kwenye chakula, ambapo ndipo patakapoamua mambo. Hukuniandikia unakula nini, lakini maisha ya duka nayajua. Asubuhi chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Saa nne chai nyingine. Mchana wateja wamejaa, unapitisha na soda au chipsi. Usiku unarudi saa mbili una njaa ya siku nzima, unakula ugali mkubwa kuliko wa mtu yeyote mezani, kisha unalala. Kama nimekosea nirekebishe. Kama nimepatia, basi kazi ya kwanza ni kuhamisha chakula kutoka usiku kuja mchana. Njaa ya usiku hutengenezwa asubuhi.

Asubuhi kula kitu chenye protini: mayai mawili ya kuchemsha, au maharage yaliyobaki jana na kiazi kitamu au ndizi ya kuchemsha, au uji wa ulezi uliochanganywa na maziwa. Chai inywe, ila shusha sukari kijiko nusu kila wiki. Ulimi huzoea ndani ya mwezi mmoja. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asizidi kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Soda iache kabisa siku za kazi. Kama kuna kitu kimoja tu utakachokifanya baada ya kusoma jibu hili, fanya hicho.

Mchana nenda kwa mama lishe huyohuyo, mwambie akupe ugali nusu, maharage mara mbili na mboga mara mbili. Mlipe bei ileile, atafurahi. Kande nazo ni chakula kizuri mno, mahindi na maharage pamoja, zinashikilia tumbo mpaka jioni. Shida huwa ni mafuta yaliyomiminwa juu.

Ugali sikukatazi, na wala wali wa Kyela. Nakuomba upime. Unga robo kilo, ambao mtu mwenye njaa anaumaliza peke yake usiku, ni kalori 900. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako iliyokunjwa unakutosha, na wa dona ni bora kuliko wa sembe kwa sababu una nyuzi nyingi na hukaa tumboni muda mrefu. Nusu ya sahani iwe mboga: chainizi, kabichi, majani ya maboga, mnafu, bamia, chochote kilichoko sokoni. Robo iwe ugali huo, na robo iliyobaki iwe maharage, usipa wa Ziwa Nyasa, samaki, kuku au nyama. Mtu wa umri wako anayejenga misuli anahitaji kama gramu 70 hadi 80 za protini kwa siku. Mayai mawili yanatoa 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa 8, kipande cha nyama cha gramu 100 kama 25. Hizo ni 60, na ukijumlisha ile iliyomo kwenye ugali na vyakula vingine vya siku, hesabu inafika bila kununua kopo lolote la unga wa protini.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayoponza nyumba nyingi za kwetu. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na sisi hatutumii kijiko, tunamimina. Njia ya kujijua ni kuangalia dumu. Familia ya watu watano ikitumia kijiko kimoja kwa kila mtu kwa siku, humaliza lita mbili na robo kwa mwezi. Hesabu ya kwako ni lita ngapi? Parachichi watu wananiuliza sana, kwa kuwa Rungwe na Njombe tumejaliwa. Mafuta yake ni mazuri kwa moyo, lakini ni mafuta: nusu ya parachichi la wastani ina kalori 160 hivi. Kula nusu, na siku hiyo usikaange kitu. Kitimoto na ndizi, kama ni desturi yenu ya Jumapili, ibaki ya Jumapili, ya kuchoma badala ya kukaanga. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ukijumlisha yote, hasa kwa presha yako, na unga wa viungo wa pakiti una chumvi nyingi ndani yake.

Misiba na harusi hazikwepeki, na sikushauri uzikwepe. Kula kabla ya kwenda, pakua mara moja, anza na mboga. Sahani moja ya pilau haijawahi kumnenepesha mtu. Kinachomaliza watu ni kusema "nimeshaharibu" na kuendelea hivyo wiki nzima.

Upungue kiasi gani? Usiifukuzie ile 58. Kwa uzito wako, kilo 4 na nusu, asilimia 5 tu, zinatosha kuanza kushusha presha na sukari. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa matokeo mwaka 2002: watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliolengwa kupungua asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, na kwa wenye miaka 60 na zaidi ilipungua kwa asilimia 71. Soma tena hiyo ya mwisho, kisha uwasimulie majirani zako wanaosema mwili wa mtu mzima haurudi. Asilimia 7 yako ni kilo 6. Kwa nusu kilo kwa wiki, na wiki nyingine hakuna kitu, Krismasi inaweza kukukuta na kilo 83 au 84. Mwaka ukiisha tutaongelea zinazofuata.

Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi ileile. Kiuno ndicho nitakachokiamini zaidi. Chukua futi ya fundi cherehani, pita usawa wa juu kidogo ya kitovu, toa pumzi, soma. Kwa mwanamke, sentimita 88 na zaidi ni hatari. Lengo la mbali ni kiuno kisichozidi nusu ya urefu wako, kwako 79.

Nimemwacha mume wako mwisho kwa sababu ndiye mwenye hoja nzito. Hofu yake haikuanzia kwake. Mikoa yetu hii, Mbeya, Iringa, Njombe, iliumizwa sana na UKIMWI. Watu wa rika lenu mlizika ndugu ambao walianza kwa kupungua. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kumtazama mkewe anakonda akafurahi mara moja, na ni mapenzi hayo. Mwonyeshe karatasi ya presha. Mweleze kwamba kupungua kwa kuogopa ni kule kunakokuja bila mtu kubadilisha chochote, nguo zinalegea huku hamu ya kula haipo, au kikohozi hakiishi, au kiu na mkojo vimezidi. Huko hata mimi ningekukimbiza hospitali. Nusu kilo kwa wiki huku miguu inapata nguvu ni kitu kingine, na ataanza kukiona pale utakapoacha kushika ukuta ukiinuka. Mwite atembee na wewe Jumapili jioni. Kama naye ana zaidi ya 40, apime presha siku hiyohiyo utakayokwenda wewe.

Kwa ndugu wa Tukuyu na wateja watakaouliza "una nini mbona umekwisha?", jibu fupi linatosha: daktari amesema presha ishuke, nami naishusha. Hakuna anayebishana na presha.

Kesho kabla hujafungua duka, mwombe binti wa duka la jirani akushikie saa. Mikono kifuani, uinuke na kukaa kwenye stuli kwa sekunde 30, ahesabu umefika mara ngapi. Goti likiuma, weka mashuka juu yake na uandike yalikuwa mangapi. Iandike namba hiyo nyuma ya daftari la mauzo, pembeni yake kiuno, na presha ukishapimwa. Baada ya wiki nne pima zote tatu tena, kisha niandikie.